Mdogo Wangu, Gitaa la Pili Lina Kazi Gani?

Msomaji wetu mmoja wa Tanga ameniletea swali ambalo najua wengi wenu mnalo, ila mnaona haya kuliuliza. Ana gitaa kavu analolipenda. Sasa ameona dukani gitaa la umeme, na tangu siku hiyo halali vizuri. Mumewe kamwambia, "Mikono unayo miwili, gitaa la pili utalipigia nini?" Anataka dada niamue.

Haya, bibie, shemeji yangu kauliza swali zuri kuliko anavyojua mwenyewe. Gitaa la pili utalipigia nini? Ukiweza kumjibu bila kumung'unya maneno, nunua. Ukianza kumweleza rangi yake na jinsi linavyong'aa, rudisha pesa kwenye pochi.

Tusidanganyane kwamba kukosa gitaa la pili ndiko kunakotuzuia kupiga vizuri. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, yule ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alikuwa na gitaa moja kavu, dole gumba na kidole cha shahada, na ukimsikiliza unaweza kuapa wamekaa watu wawili. Ila zipo kazi ambazo gitaa moja haliziwezi. Ukiingia bendi ya dansi, gitaa kavu litamezwa na ngoma na tarumbeta kabla hujamaliza ubeti wa kwanza. Wapigaji wa Kongo nao wana gitaa lao la kati, mi-composé: wanatoa uzi wa nne na kuweka mwembamba, unaokazwa oktava moja juu ya ule wa kawaida. Huwezi kufungua na kufunga nyuzi kila unapobadili wimbo, kwa hiyo hilo lazima liwe gitaa la peke yake. Na anayelipwa kupiga kwenye harusi anahitaji la akiba, maana uzi haukatiki mazoezini, unakatika bibi harusi akiwa mlangoni.

Wengine mnataka la nailoni kwa sababu la chuma linaumiza vidole. Sawa, ni kazi hiyo. Lakini nisikilizeni hapa kwa makini, maana nimeona magitaa mengi yameuawa hivi: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, hata fundi akikuapia kwamba hakuna shida. Seti ya kawaida ya chuma huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70, na ya nailoni huvuta kama nusu yake tu. Gitaa la nailoni limejengwa jepesi makusudi. Ukilitwisha chuma, tumbo linavimba, daraja linaanza kubanduka upande wa nyuma, na siku moja utasikia mlio kama wa mlango uliopigwa teke. Kinyume chake hakileti hatari, ila sauti itakuwa hafifu na utajuta nyuzi zako.

Sasa tuseme umenunua. Gharama ndiyo kwanza imeanza. Magitaa mawili ni seti mbili za nyuzi, mabegi mawili na safari mbili za kwa fundi. Wanaouza hawasemi hayo, nasema mimi dada yenu.

Mbao hunywa unyevu na kuutema. Gitaa hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na sisi wa Tanga, Dar, Unguja na Mombasa tunaishi juu ya hapo karibu mwaka mzima. Kwa hiyo usilitundike kwenye ukuta unaopigwa na mvua ya masika, wala kwenye zile kuta za mawe ya matumbawe zinazotoka jasho la chumvi. Liweke ndani ya begi lake, mbali na dirisha, pamoja na vile vipakiti vya chembe tunavyovikuta kwenye maboksi ya viatu na kuvitupa. Begi lenyewe ulifungue lipigwe na hewa mara kwa mara, la sivyo litaota ukungu. Ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu ya kila uzi na chini yake. Jasho likichanganyika na hewa ya bahari, nyuzi mpya zinashika kutu upesi ajabu.

Walio Dodoma wana ugonjwa wa upande wa pili. Kiangazi kikikolea, pitisha kidole taratibu kando ya shingo ya gitaa, kuanzia juu kushuka. Ukihisi ncha za freti zinakuchoma kama miiba midogo, mbao imesinyaa na vyuma vimebaki nje. Usikimbilie tupa. Liweke gitaa ndani ya begi pamoja na kisahani cha sabuni chenye sponji mbichi iliyokamuliwa vizuri, kisha lipime tena baada ya wiki kadhaa. Nyingi hurudi zenyewe.

Kwenye gari lililoanikwa juani, usiliache hata dakika za kununua mkate. Gundi ya daraja hulainika kwa joto, na nyuzi hazijui kwamba wewe umeshuka mara moja tu.

Gitaa linalosahaulika ndilo linaloharibika, na mwenye mengi ndiye anayesahau. Kama lako kavu lina kifaa cha kuchomeka kwenye spika, huwa lina betri ya volti 9. Kwenye mengi ya aina hiyo, waya ukibaki umechomekwa betri inaendelea kuliwa usiku kucha. Na ukilifungia miezi na betri ndani, siku ukifungua utakuta imetoa maji na kula vyuma vyake. Itoe. La umeme nalo likikaa kimya muda mrefu, kitufe cha sauti huanza kukwaruza. Kizungushe huku na huku mara nyingi. Kikikataa, kanunue dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Mafuta ya kupikia hapana, na najua kuna mtu ameshawaza.

Nyuzi zikazwe kama kawaida hata likiwa limepumzika. Kuzilegeza zote kabisa kunaifanya shingo ijikunje upande wa pili.

Kuhusu kuazimisha: ukiwa na mawili, kwaya yote itajua kufikia Jumapili. Azimisha ukipenda, ila litoke na begi, na tarehe ya kurudi isemwe mbele ya mtu wa tatu.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Tanga, kama umeshapata bendi ya kupiga nayo, mwambie shemeji dada kakubali, na mwende wote dukani ajaribu kulibeba mwenyewe. Kama bendi bado ni ndoto, nunua seti mbili za nyuzi nzuri kwa hilo ulilonalo. Na nyinyi wenye matatu, manne, chungulieni chini ya kitanda leo hii: ambalo halijapigwa tangu Ramadhani iliyopita, liuzeni, au mpeni kijana wa mtaani anayejifunza, na mumpe na begi lake.