Nyambizi Zilizobeba Ndege: Vita vya Bahari ya Hindi na Watu wa Bara

Mtu asimamaye Nchiru, katika nchi ya Meru, huona Mlima Kenya upande mmoja na vilima vya Nyambene upande wa pili, wala haoni bahari. Toka hapo mpaka Mombasa kwa njia ya Nairobi ni safari ya kilomita 700 hivi. Si ajabu basi watu wengi kudhani kwamba vita vya manowari ni habari ya watu wa pwani peke yao. Lakini katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vilivyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945, nyambizi za Japani zilifika katika maji ya Afrika Mashariki, na ndege iliyotoka katika mojawapo iliruka juu ya Unguja na Dar es Salaam. Tena wako vijana wa bara waliokufa katika bahari hiyo, mbali na mashamba ya baba zao. Kwa sababu hiyo yafaa kujua chombo hicho kilikuwa cha namna gani, na kilifanya nini.

NYAMBIZI NI CHOMBO GANI

Nyambizi ni manowari iwezayo kwenda juu ya maji na chini ya maji. Kazi yake yaweza kufahamika kwa mfano wa kibuyu. Kibuyu kitupu kilichozibwa mdomo huelea mtoni. Kikiingiwa na maji kidogo kidogo, huzama. Nyambizi nayo ina matangi ubavuni. Nahodha akitaka kuzama, huamuru matangi yafunguliwe, na maji ya bahari huingia. Akitaka kuibuka, hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu hupelekwa ndani ya matangi na kuyafukuza maji yale.

Ikiwa juu ya maji, nyambizi ya zamani zile iliendeshwa kwa injini za dizeli. Injini hizo zahitaji hewa, kwa hiyo chini ya maji hazikufaa, na chombo kiliendeshwa kwa umeme wa betri. Betri zikipungua nguvu, nyambizi ilikuwa haina budi kuibuka ili kuzijaza tena.

Nguvu ya nyambizi ni kujificha, lakini kujificha huko kuna hasara yake, maana ajifichaye haoni mbali. Nahodha aliye chini ya maji huchungulia kwa periskopu, yaani darubini iliyo kama bomba refu, itokezayo kidogo tu juu ya mawimbi. Jicho lililo mita 1 juu ya bahari huona uso wa maji mpaka kilomita 4 hivi, kwa kuwa dunia ni mviringo. Jicho lililo mita 1,000 juu huona zaidi ya kilomita 110. Ni jambo lile lile alijualo kila mchungaji wa Tigania: aliye bondeni huona mbuzi wake na vichaka vilivyo karibu, bali apandaye Nyambene huona nchi yote chini yake. Waliotaka kuipa nyambizi macho ya kuona mbali walifikiri kuipa ndege.

JINSI NDEGE ILIVYOBEBWA

Wajapani hawakuwa wa kwanza kujaribu jambo hili. Uingereza ilikuwa na nyambizi iliyoitwa M2, iliyokuwa na banda la ndege juu yake. Tarehe 26 Januari 1932 ilizama karibu na pwani ya kusini ya Uingereza, na mabaharia wote 60 wakafa. Chombo kilipoonekana chini ya bahari, mlango wa banda la ndege ulikutwa wazi. Baada ya msiba huo Waingereza waliiacha kazi hiyo. Wajapani hawakuiacha, kwa sababu bahari ya Pasifiki ni kubwa mno, na walihitaji kujua mahali zilipo manowari za adui zao.

Nyambizi zao za aina ya B1 zilikuwa na urefu wa mita 108 hivi. Mbele ya mnara palikuwa na banda la chuma lisiloingiza maji, na ndani yake iliwekwa ndege ndogo, sehemu zake zikiwa zimefunguliwa na kukunjwa. Ndege hiyo iliitwa Yokosuka E14Y. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 11 toka ncha hata ncha, ilichukua watu 2, na mbio zake hazikupita kilomita 250 kwa saa. Badala ya magurudumu ilikuwa na maboya mawili ya kuelea juu ya maji.

Ilipotakiwa kuruka, nyambizi iliibuka, mafundi wakaitoa ndege, wakaunga mabawa na maboya, kisha ikarushwa juu ya reli kwa mtambo wa hewa, kama jiwe litokavyo katika manati. Iliporudi ilitua baharini kando ya nyambizi, ikainuliwa kwa winchi, ikafunguliwa tena na kurudishwa bandani. Muda wote huo nyambizi ilikaa juu ya maji na haikuweza kuzama upesi. Macho ya kuona mbali yalinunuliwa kwa hatari kubwa.

MWEZI WA MEI 1942

Mwezi wa Aprili 1942 manowari za Japani ziliishambulia Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, na kuzizamisha manowari kadhaa za Uingereza. Amirali James Somerville akarudisha sehemu kubwa ya manowari zake nyuma, na bandari ya Kilindini, Mombasa, ikawa makao yao. Wajapani wakatuma nyambizi kuzitafuta.

Nyambizi I-30 ilitangulia. Tarehe 7 Mei ndege yake iliruka juu ya Aden, na siku ya pili yake juu ya Djibouti. Tarehe 19 Mei iliruka juu ya Unguja na Dar es Salaam. Bandari ya Mombasa nayo ilichunguzwa, lakini kwa periskopu. Nyambizi nyingine, I-10, ilituma ndege yake juu ya Durban, Afrika Kusini, tarehe 20 Mei.

Windo lililotafutwa lilipatikana Diego Suarez, bandari ya kaskazini ya Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Waingereza walikuwa wameiteka bandari hiyo mwanzoni mwa mwezi ule ule. Usiku wa tarehe 29 Mei ndege ya I-10 ilipita juu ya bandari na kuiona manowari kubwa Ramillies. Watu wa Ramillies nao waliiona ndege, wakafahamu kuwa si yao, na manowari ikahamishwa kutoka mahali ilipokuwa imetia nanga. Lakini tahadhari hiyo haikutosha. Jioni ya tarehe 30 Mei nyambizi ndogo mno, zenye watu wawili wawili, zilizokuwa zimebebwa na nyambizi I-16 na I-20, zilitumwa kuishambulia bandari. Topido moja iliitoboa Ramillies na kuiharibu vibaya, na nyingine ikaizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Nyambizi zile ndogo hazikurudi. Wajapani wawili waliofika nchi kavu waliuawa baada ya siku chache walipokataa kujisalimisha.

Mwezi wa Juni 1942 askari wa King's African Rifles walipelekwa Madagaska, na miongoni mwao walikuwa batalioni ya 5 ya Kenya. Walipigana huko mpaka vita vya kisiwa hicho vilipokwisha Novemba 1942. Wakati huo nyambizi za Japani zilikuwa zimekwisha kuzamisha zaidi ya meli 20 za biashara katika mlango wa bahari wa Msumbiji.

MELI KHEDIVE ISMAIL

Msiba mkubwa kuliko yote kwa Afrika Mashariki ulikuja baadaye. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uliondoka Kilindini kwenda Ceylon. Katika meli Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wapiga mizinga wa kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi wa kike na mabaharia.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi I-27 iliwapata. Nyambizi hiyo ilikuwa ya aina ya B1, ndugu wa ile I-30, lakini siku hiyo haikuhitaji ndege. Periskopu ilitosha. Topido mbili zilipiga, na meli ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Wengi waliokuwa ndani hawakupata hata nafasi ya kufika sitahani.

Kisha manowari Petard na Paladin zikakabiliwa na uamuzi mzito. Nyambizi ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea watu waliookoka. Kuiacha kulikuwa ni kuzihatarisha meli nne zilizobaki, zilizojaa askari. Kuipiga kulikuwa ni kutupa mabomu ya chini ya maji katikati ya wenzao. Mabomu yalitupwa, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea wakafa kwa mabomu hayo. Nyambizi ililazimika kuibuka, na mwishowe Petard ikaizamisha kwa topido. Waliookolewa toka Khedive Ismail walikuwa 214. Watu 1,297 walikufa. Majina zaidi ya 600 ya waliokufa katika meli hiyo yameandikwa katika Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, kwa kuwa hawana kaburi jingine ila bahari.

MWISHO WA NYAMBIZI HIZO

Wajapani waliendelea na kazi yao hata wakaunda nyambizi za aina ya I-400, zenye urefu wa mita 122, zilizoweza kubeba ndege 3 za kutupa mabomu. Walikusudia kuubomoa mfereji wa Panama. Lakini vita vilikwisha Agosti 1945 kabla ndege hizo hazijatupa hata bomu moja. Mwaka 1946 Wamarekani walizizamisha I-400 na I-401 karibu na visiwa vya Hawaii, na wachunguzi wa bahari waliziona tena huko chini, I-401 mwaka 2005 na I-400 mwaka 2013.

Chombo hicho kilishindwa na rada. Manowari na ndege zenye rada ziliweza kuigundua nyambizi iliyoibuka, hata gizani, na nyambizi iliyo katikati ya kazi ya kuunga mabawa ya ndege haina pa kukimbilia.

MAFUNZO YAPATIKANAYO

Wanafunzi wa ufundi, kama wale wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichopo Nchiru, waweza kupata hapa mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kila faida ya mtambo ina gharama yake, na fundi mwema huhesabu zote mbili kabla ya kuanza kuunda. Ndege iliipa nyambizi macho, ikainyima maficho, na nyambizi isiyo na maficho ni meli dhaifu kuliko nyingine zote.

La pili lawahusu watu wote. Ishara iliyoonwa haimfai mtu asipoifuata mpaka mwisho. Ndege ngeni ilionekana juu ya Diego Suarez usiku mmoja kabla ya shambulio, na bado topido zikapata shabaha. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini kutazama peke yake si ulinzi.

Mtu wa Meru au wa Embu apitaye Nairobi aweza kufika kwenye makaburi ya vita, barabara ya Ngong, akayasoma majina ya wale waliozama na Khedive Ismail. Bahari iko mbali na Nchiru, lakini majina hayo yamewekwa bara, mahali ambapo jamaa zao waweza kuyafikia.