Ghorofa 20, Hesabu ya Karatasi Moja

Kigali hatuna bahari wala vimbunga. Upepo unatuhusu nini?
Nyumba ya ghorofa mbili hupambana zaidi na uzito wake. Yenye ghorofa 20, kama Kigali City Tower, husukumwa sana pia ubavuni na upepo. Halafu kuna matetemeko: lile la 3 Februari 2008, la ukubwa wa 5.9, liliua watu Rusizi, Nyamasheke na Bukavu.

Kinachozuia kuyumba ni kuta za zege zinazozunguka lifti, au nguzo na boriti?
Vyote, ila kila kimoja kwa tabia yake. Ukuta hupinda kama mwanzi uliochimbiwa ardhini: chini umetulia, juu unakimbia. Fremu ya nguzo na boriti ni kama rundo la vitabu lililosukumwa: mwinamo mkubwa uko chini, juu hupungua. Sakafu zikivifunga pamoja, chini ukuta huishika fremu, juu fremu huurudisha ukuta. Ndiyo maana anayeupa ukuta upepo wote katika hesabu, akidhani amejihami, huacha nguzo za juu na mzigo ambao hazikupangiwa.

Hesabu rahisi inafanywaje?
Mwaka 1964 Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, na mwenzake John Sbarounis walichapisha njia ya kukusanya kuta zote ziwe fimbo moja, fremu zote ziwe nyingine. Njia zilizofuata ziliunganisha fimbo hizo mfululizo, chini hadi juu. Gawanya ugumu wa fremu kwa ugumu wa ukuta, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa urefu wa jengo. Jibu likiwa chini ya 1, ukuta ndio unaotawala. Likikua, fremu inashika usukani.

Si kuna kompyuta?
Ipo, na ni hodari. Lakini ukiiandikia milimita badala ya mita, itakuchorea picha nzuri ya uongo. Kwa jengo la mita 80, kikomo kilichozoeleka cha kuyumba ni urefu ukigawanywa kwa 500, yaani sentimita 16. Karatasi ikisema 12 na kompyuta 10, endelea. Kompyuta ikisema 2, usisaini.

Karatasi hiyo hushindwa wapi?
Kuta za lifti zikiwekwa kona moja, jengo hujisokota. Na kwenye viwanja vyetu vya mteremko, nguzo za upande wa mlima huwa fupi, za bondeni ndefu. Nguzo fupi ni ngumu zaidi, hujivutia nguvu nyingi, na mara nyingi ndiyo hupasuka kwanza.