KUMCHAGUA MWENZI WA KAZI: SOMO KUTOKA TABAKA

Mkulima, bila shaka umekwisha kuona vinyago vya mawe laini vinavyouzwa Kisii mjini na Nairobi. Jiwe hilo huchimbwa Tabaka, katika Kaunti ya Kisii. Leo tusitazame uzuri wake, tuwatazame watu wanaolifikisha sokoni.

Kiboko kidogo cha jiwe hupita mikono mingi. Yuko mchimbaji, yuko mchongaji, wako wanaosugua kwa msasa na maji, ambao wengi ni wanawake, yuko mtia rangi, na yuko afungaye mzigo. Mmoja akiharibu, hasara ni ya wote. Jiwe lenye ufa hupasuka mkononi mwa mchongaji, siku nzima ikapotea. Basi fundi mwenye akili hamchagui mchimbaji kwa kuwa ni binamu yake tu.

Zamani mafundi wa visu wa Sheffield, Uingereza, walifanya vivyo hivyo: huyu alifua chuma, huyu alinoa, huyu alitia mpini, kila mtu katika karakana yake. Mwaka 1890 mwalimu wa uchumi, Alfred Marshall, alieleza kwamba watu wa kazi moja wakikaa pamoja, ujuzi huenea kwa majirani bila kufichika. Mimi naongeza kwamba sifa nayo huenea. Anayechelewesha malipo hujulikana upesi mahali kama Tabaka, kwa hiyo kuuliza hakuna gharama.

Je, umchague afanyaye kazi kama yako? Wachongaji wawili wa viboko wanaweza kugawana agizo kubwa, lakini hakuna anayempa mwenziwe asichokuwa nacho. Anayejua kufunga mzigo usivunjike, au mwenye mnunuzi wa mbali, huongeza kitu. Lakini huyo wa mbali habari zake hazipatikani kwa jirani. Mpe mzigo mdogo kwanza, uone atalipa siku gani.

Sasa twende Borabu, Nyamira, kwenye mashamba yaliyogawiwa walowezi Waafrika katika miaka ya 1960. Katika risaga ya zamani, watu wa mtaa mmoja walisaidiana kulima, na kila mmoja alijua jembe la mwenziwe. Penye walowezi kutoka vilima mbalimbali, ujirani peke yake hautoshi.

Tuseme wakulima watatu wanachangia mkebe mmoja wa maziwa, kila mtu lita 20. Mmoja anatia lita 3 za maji katika sehemu yake. Mpokeaji anapima, anakataa lita zote 60. Kwa bei ya shilingi 50 kwa lita, wawili waaminifu wamepoteza shilingi 2,000, kwa sababu ya mtu aliyetaka kupata shilingi 150! Na wewe uliyekuwa mwaminifu, ada ya shule ya mtoto utaitoa wapi mwezi huo?

Kwa hiyo pimeni maziwa ya kila mtu kabla ya kuyachanganya, hata ya mzee wa heshima. Asiyekubali kupimwa abebe mkebe wake mwenyewe. Pataneni mapema nani atalipa gari siku ambayo maziwa yamekataliwa. Andikeni lita za kila asubuhi katika daftari, na daftari hilo likae kwa mtu asiyeshika fedha.