Kulainisha Nguo: Dawa ya Dukani au Njia za Asili?

Nguo ya pamba, hata ikifuliwa ikatakata, huweza kukauka ikawa ngumu kama gome. Kabla ya kuchagua dawa, yafaa kuijua sababu.

Sababu kubwa ni tatu. Kwanza, maji yaliyopita katika miamba ya chokaa hubeba chumvi za kalsiamu na magnesiamu. Nayo huitwa maji magumu. Sabuni ya mche ikikutana na chumvi hizo hufanya utando unaonasa katika nyuzi. Pili, nguo isiyosuuzwa vya kutosha hubaki na alkali ya sabuni. Tatu, nyuzi za pamba zikikauka pasipo upepo hushikana.

Dawa ya kulainishia inayouzwa madukani haiondoi utando huo, bali huufunika. Molekuli zake zina kichwa chenye chaji chanya na mkia mrefu wa mafuta. Pamba iliyomo majini ina chaji hasi. Basi vichwa hunata kwenye uzi, mikia huelekea nje, na mkono huhisi ulaini. Lakini mafuta hayapatani na maji. Taulo na nepi zikitiwa dawa hiyo mara kwa mara hupungukiwa na uwezo wa kufyonza. Vitambaa vyenye manyoya, kama flaneli, huweza kushika moto upesi zaidi. Jambo hilo si dogo katika nyumba inayopikia kuni au kutumia koroboi.

Njia za asili hufanya kazi tofauti. Magadi kidogo yakitiwa katika maji magumu kabla ya sabuni huitenga kalsiamu, ikatuama chini. Yakizidi huharibu sufu na ngozi ya mikono. Siki au maji ya limau ni tindikali hafifu. Vijiko viwili katika ndoo ya mwisho ya kusuuzia huizimua alkali iliyobaki. Visitiwe mapema, kwani tindikali huigeuza sabuni kuwa mafuta yanayoganda juu ya nguo.

Onyo: siki au limau visichanganywe kamwe na dawa ya madoa yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu.

JARIBIO

Wanafunzi wa Songea wanaweza kukinga maji ya mvua kati ya Novemba na Aprili, kisha wakayalinganisha na ya bomba na ya kisima.

1. Tia sentimita za ujazo 50 za kila maji katika chupa yake.
2. Yeyusha sabuni ya mche katika maji ya mvua. Dondosha tone moja moja katika kila chupa, ukitikisa, hadi povu lidumu dakika moja. Andika idadi ya matone.
3. Chemsha maji ya kisima, yapoe, urudie. Matone yakipungua, sehemu ya ugumu ni ya muda.

Iwapo maji ya bomba yanakaribiana na ya mvua, ugumu wa maji sio sababu. Hapo hapana haja ya kununua chochote: nguo zisuuzwe zaidi, zikung'utwe, zianikwe penye upepo.

MASWALI

1. Kwa nini maji ya mvua ni laini?
2. Kwa nini nepi hazifai kutiwa dawa ya dukani?