KIHENGE CHA KOMPYUTA NA MLINZI WAKE

Sehemu zetu hizi za Uyui zina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza yapata Novemba na kwisha Aprili, na mavuno ya mahindi huja Mei na Juni. Kwa hiyo kila mwenye nyumba hana budi kujua hesabu ya kihenge chake. Chukua nyumba mbili za hapa Isikizya. Mwishoni mwa Novemba kila moja ina magunia 6 ya mahindi, na vihenge vyote viwili vimefika nusu. Nyumba ya kwanza hula gunia moja kwa mwezi. Itafika mwisho wa Mei bila taabu. Nyumba ya pili ina watu wengi, nayo hula magunia mawili. Mwisho wa Februari kihenge chake kitakuwa kitupu, na mahindi shambani bado mabichi. Ukichungulia ndani ya vihenge hivyo leo utaona kitu kile kile. Lakini ukiuliza, "Zimebaki siku ngapi, na mavuno yako mbali kiasi gani?" ndipo utakapoiona tofauti.

Nimeanza na kihenge kwa sababu jambo ninalotaka kuwaeleza katika kurasa hizi ni hilo hilo, ila limepinduliwa. Kihenge hututaabisha kinapokwisha. Diski ya kompyuta hututaabisha inapojaa.

Kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine huitwa seva. Ndani yake mna diski, ambazo ndizo ghala: humo huwekwa majina, hesabu, picha na barua za ofisi nzima. Kila siku kitu huongezwa, na ni nadra kitu kuondolewa. Zamani jambo hili lilihusu miji mikubwa tu, lakini sasa limetufikia. Zahanati zetu huandika habari za wagonjwa katika vitabu vya MTUHA, na jumla zake huingizwa katika mfumo wa DHIS2, ulioenezwa Tanzania Bara yote kufikia mwaka 2013. Hospitali nazo hutumia mifumo ya kompyuta kuandikisha wagonjwa, kutoza malipo na kutoa dawa. Basi diski ikijaa, watu wanaosimama dirishani ndio wanaoumia kwanza.

Kabla ya kuja kufundisha nilifanya kazi ya ufundi wa kompyuta, na siku moja niliitwa katika hospitali moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Ilikuwa saa mbili asubuhi, siku ya kliniki ya watoto. Kina mama walikuwa wamejaa barazani, na karani wa mapokezi hawezi kumwandikisha hata mmoja, maana kila akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, mashine inakataa. Seva yenyewe ilikuwa nzima kabisa, ila diski ilikuwa imejaa pomoni, na hifadhidata isipopata mahali pa kuandika husimama. Nilitafuta kilichoijaza. Kila usiku, saa sita, seva ilijifanyia nakala ya habari zake zote na kuiweka katika diski ile ile. Nakala za miezi mingi zilikuwa zimelala humo, na hakuna aliyepewa kazi ya kuziondoa.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba programu ya kuangalia nafasi ilikuwapo! Ilikuwa imewekwa na kufanya kazi yake vizuri. Ilipeleka onyo diski ilipofika asilimia 80, ikapeleka tena kwa asilimia 90, na tangu hapo ikapeleka kila saa. Maonyo yote yalikwenda kwa barua pepe ya afisa aliyekuwa amekwisha hamishiwa mkoa mwingine. Tena programu hiyo ilikaa ndani ya seva ile ile iliyokuwa ikiilinda, hata diski ilipojaa, mlinzi naye akanyamaza. Kina mama waliandikwa katika daftari siku ile, na baadhi yao waliondoka jua likiwa limekwisha pinda.

Basi, kupanga ulinzi wa nafasi ni kazi ya kutumia kichwa, wala kuweka programu hakutoshi. Tuanze na asilimia, kwa sababu ndizo zinazowapoteza watu wengi. Seva mbili zina diski ya gigabaiti 1000 kila moja, na zote zimejaa asilimia 60. Zimebaki gigabaiti 400 katika kila moja. Ya kwanza huongezewa gigabaiti 1 kwa siku, kwa hiyo ina siku 400 mbele yake. Ya pili huongezewa gigabaiti 10, nayo ina siku 40 tu. Programu iliyoambiwa ipige kelele kwa asilimia 80 itazinyamazia zote mbili leo. Je, kununua diski mpya huchukua siku ngapi? Katika ofisi ya serikali ombi huandikwa, bajeti hutazamwa, zabuni hupitia mfumo wa NeST ulioanza mwaka 2023, kisha mzigo husafirishwa kutoka Dar es Salaam. Tuseme yote hayo huchukua siku 60. Seva ya pili imekwisha chelewa kwa siku 20, na hakuna taa nyekundu iliyowaka popote!

Kwa hiyo alama ya onyo na iwekwe kwa siku zilizobaki, zikilinganishwa na siku za kupata msaada. Programu nyingi za leo zaweza kufanya hesabu hiyo. Mojawapo, inayoitwa Prometheus, ilianza kutengenezwa mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud mjini Berlin, nayo ina kanuni ya kuvitazama vipimo vya siku zilizopita, kuvipitishia mstari ulionyooka, na kuurefusha mstari huo mbele mpaka ugonge ukuta wa diski. Kidato cha Tatu mtatambua kwamba huo ni mteremko wa mstari wa somo la hisabati. Hadhari moja: mstari ulionyooka haujui habari za mitihani wala kampeni ya chanjo. Mwezi wenye kazi nyingi hupanda ghafla, na mtu anayeijua kalenda ya ofisi ndiye anayeweza kuliona jambo hilo mapema.

Jambo jingine la kuangaliwa ni leja. Ghala laweza kuwa na nafasi tele, lakini kama karani amemaliza kurasa za leja hakipokelewi kitu. Diski nyingi zina orodha ya namna hiyo, iliyopangiwa idadi ya mafaili tangu mwanzo. Mafaili madogo madogo mamilioni huimaliza orodha, na seva husema haina nafasi hali diski ni nusu tupu. Mlinzi aliyefundishwa kuangalia gigabaiti peke yake hataigundua hitilafu hiyo.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Kulinda seva moja ni kazi nyepesi. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Tuseme kila halmashauri ina seva moja, na katika kila seva twataka vipimo 50: nafasi ya kila sehemu ya diski, kasi ya kuandika, joto, makosa, na kadhalika. Hivyo ni vipimo 9,200 kila tunapopima. Tukipima kila dakika, siku moja ina dakika 1,440, kwa hiyo tutapata vipimo 13,248,000 kwa siku. Kila kipimo kikiandikwa kwa baiti 16, yaani 8 za saa na 8 za thamani, tutajaza megabaiti 212 hivi kwa siku, na kwa mwaka gigabaiti 77 na zaidi. Mlinzi wa ghala amekuwa naye mlaji wa ghala!

Twaweza kumpunguzia chakula kwa njia tatu. Ya kwanza ni kubana maandishi. Prometheus niliyoitaja hubana vipimo hata kila kimoja kikachukua wastani wa baiti 1 au 2 tu. Ya pili ni kuuliza kwa nini tupime kila dakika. Diski haijai kwa dakika moja, isipokuwa kuna hitilafu kubwa. Tukipima kila dakika 5, siku ina vipindi 288, na vipimo vyetu vitashuka mpaka 2,649,600.

Njia ya tatu naipenda kuliko zote, na nataka tukae nayo kidogo. Mwaka 1999 Tobias Oetiker wa Uswisi alitoa programu iitwayo RRDtool. Ndani yake ghala la vipimo lina ukubwa uliowekwa tangu siku ya kwanza, wala haliongezeki kamwe. Vipimo vya karibuni huwekwa kwa ukamilifu. Vya zamani hukusanywa na kufanywa wastani. Na vya zamani zaidi hufutwa ili vipya vipate mahali. Hebu tufanye hesabu ya kipimo kimoja. Tuweke kila dakika 5 kwa siku 7: hivyo ni 2,016. Tuweke wastani wa kila saa kwa siku 60: hivyo ni 1,440. Tuweke wastani wa kila siku kwa miaka 5: hivyo ni 1,825. Jumla ni 5,281. Kama tungeweka kila dakika 5 kwa miaka yote mitano tungekuwa na 525,600, yaani karibu mara 100. Na tumepoteza nini? Hatutajua diski ilikuwaje saa tisa na dakika ishirini alasiri, miaka mitatu iliyopita. Sijapata kumwona mtu aliyeihitaji habari hiyo. Ila yafaa kuweka pamoja na wastani kile kipimo kikubwa kabisa cha siku, kwa sababu wastani huficha kilele, na ni kwenye kilele ndipo mashine huanguka.

Mambo ya umbali nayo yana taabu yake. Seva ya wilaya ikipeleka vipimo vyake mpaka mji mkuu, siku mtandao unapokatika mlinzi wa huko haoni kitu. Asidhani basi kwamba kimya ni salama. Kimya nacho ni onyo, na programu iambiwe hivyo. Tena yafaa pawe na mashine ndogo ya katikati, hapa hapa wilayani, itakayovipokea vipimo na kuvitunza mpaka njia ifunguke, kisha ivipeleke vyote. Programu iitwayo Zabbix ina msaidizi wa namna hiyo.

Watu wa Tabora tungepaswa kuielewa taabu hii ya umbali kuliko wengine. Vifaa vya Dr. Livingstone vilitumwa kutoka Unguja kwa njia ya misafara iliyopita kwetu hapa Unyanyembe, vikamsubiri Ujiji. Alipofika huko Oktoba 1871 akiwa mgonjwa, alikuta msimamizi amekwisha uza vyote: yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za ushanga. Barua kutoka Ujiji mpaka pwani ilichukua miezi, na hakuna aliyempa habari mwenye mali wakati mali bado ipo. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, mpaka Agosti, akingoja wapagazi na vifaa vipya. Tembe alilokaa ni makumbusho, na mnaweza kwenda kulitazama siku ya Jumamosi.

Kuna tena jambo la masikio ya mtu. Seva 184 zikitoa maonyo 3 tu kila moja kwa siku, jumla ni 552. Hakuna binadamu atakayeyasoma yote. Baada ya wiki mbili atayapeleka kwenye pipa bila kuyafungua, na lile moja la kweli litakwenda pamoja nayo. Kwa maoni yangu onyo lisilomtaka mtu kufanya kitu leo lisipelekwe kwa mtu. Liandikwe katika ripoti ya wiki. Na onyo linalobaki lielekezwe kwa cheo, wala si kwa jina la mtu, maana watu huhamishwa. Lisipojibiwa kwa saa kadhaa, lipande kwa mkubwa wake.

Mwisho, msimwamini mlinzi kupita kiasi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa habari za diski zaidi ya 100,000 walizozichunguza. Diski zenyewe zina vipimo vya ndani vya kueleza afya yake, na vinne kati ya hivyo vilionekana kuwa na nguvu ya kubashiri. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuonyesha dalili katika hata kimoja cha vile vinne. Kujaa kwa diski kwaweza kubashiriwa. Kufa kwake mara nyingi huja kama mwizi. Kwa ajili ya kifo pawe na nakala, iwekwe katika jengo lingine, na mara moja kila muhula ijaribiwe kurudishwa ili ijulikane kama inafunguka.

ZOEZI. Seva ina diski ya gigabaiti 2,000. Tarehe 1 Machi zilikuwa zimetumika gigabaiti 1,400, na tarehe 31 Machi gigabaiti 1,550. Kupata diski mpya huchukua siku 90. (a) Ombi la kununua liandikwe tarehe gani? (b) Ikiwa katika Mei matumizi ya kila siku hugeuka kuwa mara mbili, diski itajaa tarehe gani? (c) Nafasi ya gigabaiti ngapi ingepatikana kama nakala za zamani, zenye gigabaiti 12 kila moja, zingebakizwa 7 tu kati ya 40? Majibu yaletwe kwangu katika chumba cha kompyuta kabla ya kufunga shule, yakiwa na njia kamili. Jibu lisilo na njia halitasahihishwa.