Damu ya Ngiri Inatuambia Nini?



Nguruwe mmoja akiuzwa huweza kununua sare za shule, madaftari na sabuni ya nyumba. Lakini homa ya nguruwe huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Nguruwe hupata homa kali. Huacha kula. Masikio na tumbo huwa mekundu, kisha hufa. Ugonjwa huu hauna dawa, na hapa Tanzania hatuna chanjo yake. Kati ya mwaka 2010 na 2012 ulizuka Kyela, mkoani Mbeya. Hauambukizi watu.

Ugonjwa hukaa wapi?
Homa hii huletwa na virusi. Virusi hukaa ndani ya ngiri na ndani ya papasi wanaoishi katika mashimo ya ngiri. Ngiri haugui. Nguruwe pori, wale wanaokula mahindi yetu, nao huweza kubeba virusi bila kuugua.

Wataalamu hujuaje?
Virusi vikiingia mwilini, mwili hutengeneza askari wa kupigana navyo. Askari hao huitwa kingamwili. Kila ugonjwa una askari wake. Vita vikiisha, askari hubaki katika damu kwa muda mrefu.

Mtaalamu huchukua damu kidogo ya ngiri. Huiacha igande, kisha hupima maji yanayobaki juu. Akikuta askari wa homa ya nguruwe, anajua ngiri huyo aliwahi kuingiwa na virusi. Askari hao hawakuletwa na sindano, maana hapa Tanzania chanjo haipo. Wakipimwa ngiri wengi wa pori moja, tunajua kama pori hilo lina hatari.

Kwa nguruwe wa kufugwa kipimo hiki peke yake hakitoshi. Wengi hufa kabla askari hawajatokea katika damu. Kwa hiyo nguruwe mgonjwa hutafutiwa virusi vyenyewe.

Tufanye nini?
1. Tufuge nguruwe ndani ya banda. Wasizurure wala wasikutane na wanyama wa pori.
2. Tusiwape nguruwe mifupa au mabaki ya nyama ya nguruwe, ngiri au nguruwe pori.
3. Tusinunue nguruwe kutoka mahali penye ugonjwa.
4. Nguruwe wakifa ghafla, tumwarifu afisa mifugo mara moja. Tusichinje, tusiuze nyama, tusitupe mizoga porini. Tuifukie katika shimo refu.

Anayeuza haraka nguruwe mgonjwa ili asipate hasara, huipeleka hasara hiyo kwa jirani. Nyama hiyo hubeba virusi hadi kijiji kingine. Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa tiba hakuna.

Maswali ya kujadili darasani
1. Kwa nini ngiri mzima huweza kuwa hatari kwa nguruwe wetu?
2. Askari wa damu wanatuambia nini?
3. Katika kijiji chetu, nani aarifiwe nguruwe wakifa?

Mganga Msaidizi Vijijini,
Madaba, Songea