Maonyo ya Dhoruba ya Theluji: Je, Yanatiwa Chumvi?

Swali: Tunaishi Buffalo, jimbo la New York. Kila majira ya baridi tunaonywa kuhusu dhoruba, kisha mtaani kwetu theluji huanguka kidogo tu. Kwa nini watutishe na kitu tulichokizoea?

Jibu: Mara nyingi dhoruba huja kweli, ila huwaangukia jirani zenu. Upepo baridi ukivuka Ziwa Erie likiwa bado na joto, hubeba unyevu na kuumwaga kama theluji katika ukanda mwembamba. Novemba 2014, vitongoji vya kusini mwa Buffalo vilifunikwa na zaidi ya mita moja na nusu. Kaskazini mwa jiji zilianguka sentimita chache tu.

Tena, mazoea yenu yamekwisha kuzingatiwa. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hupanga viwango vya onyo kwa kila eneo: theluji inayotosha kutoa onyo Georgia, kwenu haitoshi.

Wala kina cha theluji si hatari pekee. Desemba 2022 onyo lilitangulia dhoruba, lakini watu zaidi ya 40 walikufa katika kaunti yenu ya Erie. Wengine walikwama ndani ya magari, wengine nyumbani bila joto. Upepo ulificha barabara na magari ya wagonjwa yakashindwa kufika.

Kwa hiyo someni onyo lote, hasa kasi ya upepo na saa zilizotajwa. Wekeni chakula, dawa na mablanketi, na msitoke na gari.